Wapendwa wa darasa jipya, tuongee kuhusu kukua

Bwana asifiwe wapendwa.

Ninaandika kwa sababu ya ujumbe uliowekwa kwenye kundi la maombi na mmoja wenu wa darasa la waamini wapya. "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu mmoja, ameanguka tena, Mungu anamjua." Zikafuata amina, kisha maswali ya chinichini, na kabla ya jioni wote tulishajua ni nani.

Aliyeandika nampenda. Hakosi mkesha, anawahi ibada, akiomba unasikia kabisa kwamba anaongea na mtu anayemwamini. Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Kosa alilofanya nalijua kwa ndani, na nitalifikia hapo chini kwa kirefu. Kwanza niyapitie yale mengine ambayo kila darasa linayarudia, mpaka sisi tuliotangulia tunaweza kutaja mwezi ambao kila moja litatokea.

1. Mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka mmoja. Biblia ina sura 1,189, kwa hiyo mpango unakudai sura tatu au nne kwa siku. Mwanzo mnaisoma kwa furaha, Kutoka inakwenda vizuri hadi kwenye vipimo vya hema, halafu mwezi wa pili haujafika mbali, mtu amekwama kwenye sadaka za Mambo ya Walawi. Anaona aibu, ananyamaza, na mwaka unaofuata anaanza tena Mwanzo 1. Jamani, wako wapendwa wanaomjua Nuhu vizuri kuliko wanavyomjua Yesu! Ukikosa siku, soma ya leo na uendelee, usijaribu kulipa deni la wiki nzima kwa usiku mmoja. Na kama hujawahi kusoma Injili moja toka mwanzo hadi mwisho, weka mpango pembeni kwanza usome Marko. Ni sura 16 tu, unaweza kuimaliza kwa kikao kimoja.

2. Saa ya faragha. Anza na muda mfupi unaoweza kuushika kila siku, na simu ikae chumba kingine.

3. "Natafuta huduma yangu." Hili ndilo linalonikosesha subira. Mtu ameongozwa sala ya toba, maji ya ubatizo hayajakauka nyweleni, tayari anauliza atawekwa kwaya, mapokezi au timu ya sifa. Akiambiwa asubiri anahisi amedharauliwa, na wiki mbili baadaye unasikia yuko ushirika mwingine ambako amepewa kipaza sauti.

Someni Marko 3:14 polepole. Bwana aliwaweka wale kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri". Kuwa naye kumetangulia kutumwa. Paulo mwenyewe anasimulia katika Wagalatia 1 kwamba baada ya kuitwa alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na ilipita miaka mitatu ndipo akapanda Yerusalemu kuonana na Kefa, yaani Petro. Baadaye Barnaba alikwenda kumtafuta Tarso, wakakaa Antiokia mwaka mzima wakilifundisha kanisa, na safari ile ya kuhubiri ya Matendo 13 ikaja baada ya hayo yote. Najua mtanitajia Matendo 9:20, kwamba alimhubiri Yesu Dameski mara moja. Ni kweli, na wewe pia mshuhudie Kristo leo hii kwa jirani yako, usingoje ruhusa ya mtu. Kushuhudia ni jambo la siku ya kwanza. Kukabidhiwa watu ndiko kunakosubiri, na onyo la 1 Timotheo 3:6 kuhusu aliyeongoka karibuni linataja sababu: asije akajivuna akaanguka.

Wenzetu wa kale walilichukua jambo hili kwa uzito ambao sisi tumeupoteza. Uko utaratibu wa kanisa unaokadiriwa kuwa wa karne ya 3 uliotaka wakatekumeni, yaani wanafunzi wa ubatizo, walisikilize Neno kwa miaka mitatu kabla ya kubatizwa, huku ukisema kwamba mwenye bidii apimwe kwa mwenendo wake kuliko kwa muda. Na wakati wa ubatizo ulipokaribia, walichunguzwa kwa maswali ambayo ningetamani tuyarudishe kwenye fomu zetu: je, waliwaheshimu wajane? Waliwatembelea wagonjwa? Walitenda mema? Aliyemleta mtu ndiye aliyesimama kumtolea ushahidi. Sisi tunauliza kama umemaliza masomo yote na kama una picha mbili za pasipoti.

4. Siri za watu. Hapa nitakaa.

Nilikuwa nimeshakaa miaka kadhaa katika wokovu na nilikuwa kiongozi wa seli, kile kikundi kidogo cha ushirika. Kijana mmoja niliyekuwa nikimlea alibaki nyuma baada ya ushirika, wengine wakaondoka, akaendelea kukaa pale kwenye benchi. Biblia yake ilikuwa na jalada la zipu. Alikuwa akiivuta ile zipu mpaka mwisho, anairudisha, anaivuta tena, na hakunitazama. Mwishowe akaniambia kwamba amerudi kwenye kamari, na kwamba fedha alizochezea hazikuwa zake. Nilimsikiliza vizuri. Nikamwombea, tukalia wote wawili, nikamwahidi kwamba jambo hili limeishia hapa.

Siku ya maombi ya kati ya wiki, kiongozi akauliza kama kuna mwenye mzigo. Nikasimama. Nikasema tumwombee ndugu yetu mmoja, jina silitaji, ni kijana wa kwaya upande wa besi, Bwana amfungue na kamari. Kwaya yetu ilikuwa na besi wawili, na mmoja alikuwa baba mwenye wajukuu. Sauti yangu ilitetemeka wakati naomba. Watu waliitikia kwa nguvu, na mama mmoja alinishika bega baadaye akasema Mungu amekupa moyo wa kichungaji. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi. Nataka mlione hilo kwa sababu ndiyo hatari yenyewe: dhamiri haikunichoma hata kidogo. Nilijisikia niko karibu na Mungu kuliko kawaida.

Mwezi uleule nilikuwa nimefundisha Mathayo 18:15 darasani. "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Nilikuwa na muhtasari wenye hatua zake zote, nimeupigia mistari, nimewakaririsha wengine. Ndugu yangu hakuwa hata amenikosa. Alikuwa amekuja mwenyewe, ameungama mwenyewe, na hakukuwa na hatua yoyote iliyobaki isipokuwa kutembea naye kimya.

Jumapili yake mtu alimpokea mlangoni kwa upendo wote akamwambia, "Usijali, tunakuombea kuhusu ile kamari." Nilikuwa nimesimama karibu. Aliifunga zipu ya Biblia yake, akageuka, akatoka. Hakupiga kelele. Simu zangu hakuzipokea tena.

Nilichofanya baada ya hapo ni kibaya kuliko kile cha kwanza. Nilijitetea kwamba sikutaja jina. Nikasema moyoni kwamba angekuwa na toba ya kweli asingechukizwa na maombi ya watakatifu. Halafu nikatangaza mfungo kwa ajili yake. Nilifunga kweli, nikaomba kweli, kwa machozi, ili Bwana amrudishe kundini mtu niliyemfukuza mimi. Siku moja mama mmoja mzee wa maombi alinikuta nikiwa nimedhoofika akaniuliza kwa nini. Nikamweleza. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, umefunga kwa ajili yake. Umemwendea?"

Nilikuwa sijamwendea.

Nikaenda. Alifungua mlango nusu, akaniacha nimesimama nje. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu njiani, lakini neema ya Mungu ilinisaidia nikasema maneno machache tu: nilikuahidi kunyamaza, nikaitoa siri yako mbele za watu, nilikosa, nisamehe. Akajibu, "Nilikuambia wewe kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia." Sikuwa na la kusema. Nikamwuliza kama angependa nisimame kwenye yale maombi nikiri nilichofanya, ili heshima yake irudi. Akasema hapana, usinitaje tena pale, kwa zuri wala kwa baya. Nikamwendea kiongozi wetu peke yake nikaungama kwake, basi. Wale wengine wakaendelea kunihesabu mtu mwenye mzigo, nami sikuwa na ruhusa ya kuwasahihisha, maana ruhusa hiyo ilikuwa mkononi mwa niliyemkosea. Aliniambia baadaye kwamba amenisamehe, na naamini. Anaabudu kwingine sasa. Tukikutana tunasalimiana vizuri, lakini hajawahi tena kubaki nyuma kwenye benchi kuniambia lolote.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu katika tukio hilo sikupungukiwa mafundisho. Mistari nilikuwa nayo. Maombi nilikuwa nayo, mfungo nilikuwa nao, machozi nilikuwa nayo. Nilipungukiwa kutii jambo moja dogo nililokuwa nikilifundisha. Agizo la Mathayo 28:20 ni kuwafundisha watu kuyashika yote aliyoyaamuru Bwana, na madarasa yetu mara nyingi yanaishia kwenye kuyakariri. Luka 6:46 Bwana anauliza swali ambalo lilinivunja nilipolisoma baada ya ile siku ya mlangoni: "Na kwa nini mwaniita Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?" Waebrania 5:14 inawaelezea watu wazima kiroho kuwa ni wale ambao akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya, na zimezoezwa kwa kutumiwa. Mazoezi yenyewe ndiyo hayo: una neno la kusema, unajua hupaswi kulisema, unalimeza. Kesho tena. Kesho kutwa tena.

Kwa hiyo sheria ninayowapa, na naomba muishike hata mkisahau mengine yote: kabla ya kupeleka jambo la mtu kwenye maombi, mwulize mwenyewe, "Naweza kumwambia mtu? Nani? Niseme nini?" Akikataa, omba peke yako, Mungu anasikia. Jambo pekee linalovunja ukimya ni uhai wa mtu ukiwa hatarini, au mtoto au mnyonge akiwa anaumizwa. Hapo unakwenda kwa wenye uwezo wa kuokoa na kulinda, unamwambia mwenzako wazi kwamba unakwenda, na bado hupeleki kwenye kundi la maombi.

5. Kurudi nyuma. Mkianguka mnafanya mambo mawili: ama mnapotea miezi mitatu, ama mnaongozwa sala ya toba upya kila kongamano kana kwamba hamjawahi kuzaliwa. Yote mawili acheni. 1 Yohana 1:9 iliandikiwa watu waliokwisha kuamini. Ungama leo, simama leo, urudi ushirika Jumapili hiihii. Marko aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perge ya Pamfilia akarudi Yerusalemu. Likaleta mashindano makali kiasi cha wazee wawili wa imani kutengana. Barnaba akamchukua tena hata hivyo, na mwishoni Paulo yuleyule aliyemkataa anaandika katika 2 Timotheo 4:11 aletwe Marko, "maana anifaa kwa utumishi". Kila nikiona kijana ambaye ameharibu zamu yake ya kwanza na anataka kuzama ardhini, namtafutia Barnaba wa kumshika mkono. Na nyie mliosimama, kazi ya Wagalatia 6:1 ni kumrejeza huyo kwa roho ya upole, huku ukijiangalia nafsi yako.

6. Ukame. Utafika wakati unaomba na husikii kitu, ile furaha ya mwanzo imeondoka, nyimbo zilizokuwa zinakuliza zinapita tu. Wengi wenu mnadhani mmemhuzunisha Roho au mmerogwa. Fungueni Zaburi 88 muone jinsi inavyoishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na bado ni sala, na bado imo ndani ya Maandiko. Endelea kuomba kwa maneno hayohayo makavu. Kama kuna dhambi unayoijua, itubu. Kama hakuna, usiitafute kwa tochi. Na kama hulali, huli, na giza halitoki, mwambie mchungaji na umwone daktari pia, wote wawili.

7. Nyumbani. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetolewa jeshi la pepo alimsihi Yesu apande naye chomboni. Ombi zuri kiasi gani! Nani kati yenu asingelikubali? Bwana akamkatalia, akamwambia aende nyumbani kwake, kwa watu wa kwao, akawasimulie aliyotendewa. Watu wale walikuwa wamemwona akijikatakata kwa mawe. Kwao ushuhuda ungesikika au usingesikika kutokana na jinsi atakavyoamka kesho yake asubuhi.

Ndiyo maana nikitaka kujua kama mtu anakua, simwulizi mwenyewe wala siwaulizi wenzake wa kwaya. Naangalia wanaoishi naye. Tunda la Roho katika Wagalatia 5 ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi, na karibu yote yanahitaji mtu mwingine awepo, tena mtu anayekuudhi. Uvumilivu huwezi kuupata ukiwa umejifungia na vitabu. Binti mmoja wa darasa lililopita alinijia akitaka nimfundishe namna ya kufunga siku nyingi. Tulipoongea, nikagundua kwamba hajasemeshana na dada yake wa chumba kimoja tangu walipogombana juu ya nguo. Nilimwambia tuache mfungo, aende akaongee na dada yake. Alikasirika kidogo. Alipokwenda, dada mtu ndiye aliyeanza kulia. Zakayo naye hakuomba masomo ya ziada siku wokovu ulipofika nyumbani kwake. Alisimama akasema atawapa maskini nusu ya mali na kumrudishia mara nne aliyemnyang'anya. Kwa hiyo kama una deni la mtu na unatoa ahadi kubwa madhabahuni, lipa deni kwanza.

8. Baba na mama wa kiroho. Waheshimuni, wasikilizeni, wasimulieni mapambano yenu. Lakini Waberoya waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa kwa hilo. Mlezi anayekasirika ukimwuliza "imeandikwa wapi?" mwogope. Anayekukataza kusikiliza wengine, anayetaka umwombe ruhusa ya kuoa, kuajiriwa na kuhama, anayejenga wanafunzi wake mwenyewe, ondoka kwake kwa heshima na uende. Mimi nikiwa huyo, ondokeni kwangu.

Kinyume chake pia ni kosa, kukua peke yako kwa mahubiri ya mtandaoni bila mtu mmoja anayeruhusiwa kukuuliza hali ya roho yako. Apolo alikuwa hodari wa Maandiko, msemaji, mwenye moto, na bado Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Wamethodisti wa John Wesley walianza madarasa madogo huko Bristol mwaka 1742 ili kukusanya michango ya kulipa deni la jengo. Kiongozi alizungukia watu kama kumi na wawili kila wiki, na katika kuzunguka huko ikagundulika kwamba kinachofaa zaidi ni lile swali la mlangoni kuhusu maisha ya mtu. Tafuteni wawili watatu wa kuulizana hivyo kila wiki, wanaoweza kunyamaza.

Sasa yule aliyetuma ujumbe kwenye kundi. Najua unasoma hapa, na sijabadilika juu yako hata kidogo. Ufute ule ujumbe. Usiweke mwingine mrefu wa kuomba radhi humohumo, maana utamwanika mara ya pili. Mwendee dada yetu wewe mwenyewe, leo kama inawezekana, usiende na mtu wala Biblia ya kumsomea. Sema ulichofanya bila kueleza nia yako ilikuwa nini. Halafu mwulize anataka ufanye nini, na ufanye hicho, hata kama ni kukaa mbali naye kwa muda. Ukihitaji mtu wa kusali naye kabla ya kwenda, nipigie, usiku wowote. Sitakuuliza kilichosemwa huko.

Nyinyi wengine mlioitikia amina pale, nami nikiwemo kwa kusoma na kuchelewa kusema, msimtajie. Mkimwona Jumapili mpisheni kiti, mmuulize habari za kazi na watoto, mwimbe naye. Darasa linaendelea wiki hii kama kawaida, tuko Marko sura ya 5, na kila mmoja aje na jambo moja kutoka sura ya 4 ambalo amelifanya, si alilolielewa. Nitaanza mimi kujibu.